Kuishi Kirgizia: lijue paa la nyumba uliyokaribishwa

Bendera ya Kirgizia ni nyekundu yote, na katikati kuna jua la manjano lenye miale 40. Ndani ya jua kuna duara lenye mistari iliyopishana. Wageni wengi hudhani ni mpira, wengine hudhani ni kikapu. Ni paa. Wenyeji huliita tunduk: pete ya mbao inayokaa juu kabisa ya boz üy, lile hema la mviringo la wafugaji wa milimani. Vijiti vyote vya paa huishia hapo. Moshi hutokea hapo, mwanga huingilia hapo. Sufi inayofunika hema ikichakaa hubadilishwa, lakini tunduk baba humwachia mwanawe.

Nawaandikia ndugu zangu wa Afrika Mashariki mnaokwenda kuishi huko, iwe ni kwa masomo, kazi au ndoa. Kwenye tiketi na viza mtaiona nchi hii ikiandikwa Kyrgyzstan, na mji mkuu wake ni Bishkek, ambao hadi 1991 uliitwa Frunze. Mengi mtayajua mkishafika. Alama za taifa na mpangilio wa serikali ni heri kuvijua mapema, kwa sababu kosa lake huumiza watu kuliko mgeni anavyodhani.

Tuendelee na bendera. Ilipitishwa tarehe 3 Machi 1992, miezi michache baada ya uhuru wa 31 Agosti 1991 kutoka Umoja wa Kisovieti. Lakini ile utakayoikuta leo si ile ile. Mwishoni mwa Desemba 2023 Rais Sadyr Japarov alitia saini sheria iliyoinyoosha miale ya jua, ambayo awali ilikuwa imepinda. Waliotaka mabadiliko walisema jua la zamani lilifanana na alizeti, ua linalogeuza uso kufuata jua liendako, na taifa huru halistahili sura hiyo. Wapo raia waliopinga, na mwanaharakati mmoja aliyeyapinga mabadiliko hayo hadharani alikamatwa. Kwa mgeni maana yake ni mbili. Kwanza, mkiandaa siku ya utamaduni chuoni na mkataka kuweka bendera ya wenyeji karibu na ya kwenu, hakikisheni miale imenyooka; picha za zamani bado zimejaa mtandaoni. Pili, ubishi wa bendera ipi ilikuwa nzuri zaidi waachieni wenyewe, hata kwenye makundi ya simu.

Hiyo miale 40 inasimama kwa makabila 40 ambayo, kwa mapokeo yao, Manas aliyaunganisha. Watu wa pwani yetu waliolelewa na habari za Fumo Liyongo watamwelewa Manas haraka: shujaa mwenye nguvu, aliyeimbwa vizazi na vizazi kabla hajaandikwa. Tofauti ni ukubwa wa utenzi wenyewe. Masimulizi ya mghani Sayakbay Karalaev peke yake yana mistari karibu 500,000, na sura yake mzee huyo ipo kwenye noti ya 500 ya som, pesa ya huko. Jina la Manas utalikuta kwenye uwanja wa ndege, na sanamu yake akiwa juu ya farasi imesimama katika uwanja wa Ala-Too, katikati ya Bishkek. Mahali hapo alisimama Lenin hadi 2003. Akaja malaika wa Uhuru, Erkindik, naye akaondolewa 2011 ili Manas apate nafasi. Lenin hakutupwa, alihamishiwa nyuma ya jumba la makumbusho, na ukizunguka utamwona. Mimi huwashauri wageni waanzie hapo siku yao ya kwanza ya mapumziko, kwa sababu kutembea dakika tano kunafunza historia ambayo darasani ingechukua wiki.

Nembo ya taifa ya 1994 ni duara la buluu lenye ndege mweupe wa kuwinda aliyetandaza mabawa, nyuma yake milima ya Ala-Too, ziwa Issyk-Kul na jua linalochomoza. Pembeni kuna ngano na pamba. Mtanzania ataona jambo la nyumbani hapo, kwani nembo yetu nayo ina mlima, Kilimanjaro, na pamba miguuni mwa mwanamke. Utaiona nembo hii kwenye mihuri na vyeti utakavyopewa.

Na hapa kwenye vyeti simameni kidogo. Kikirgizi ni lugha ya taifa na Kirusi ni lugha rasmi, na zote mbili huandikwa kwa herufi za Kisirili. Kwa tahajia ya Kirusi herufi hizo hazina W, wala hazina J yetu. Mwajuma akiandikwa kwa Kisirili kisha karani mwingine akamrudisha kwenye herufi zetu, anaweza kutoka akiwa Mvadzhuma. Wanjiru anakuwa Vandzhiru. Ng'ang'a anapoteza alama zake na king'ong'o chake pamoja. Anayesoma miaka kadhaa halafu akarudi na shahada yenye jina lisilofanana na pasipoti, atahangaika sana kwenye ofisi za nyumbani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza chagueni namna moja ya kuandika jina lenu kwa Kisirili, iandikeni kwenye karatasi, na kila ofisi muonyeshe karatasi hiyo hiyo. Kabla ya kutia saini chochote, linganisheni herufi kwa herufi na pasipoti. Karani hatakasirika ukimwomba arekebishe siku hiyo; ukija baada ya miaka miwili, ni hadithi nyingine.

Wimbo wa taifa hauna mambo mengi. Ukipigwa, simama, nyamaza, weka simu mfukoni.

Kofia ndiyo inayowaponza wengi. Ak kalpak ni kofia ndefu nyeupe ya sufi ya kondoo, na tangu 2019 UNESCO imeiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Nilipoalikwa mara ya kwanza nyumbani kwa mwanafunzi mwenzangu, niliikuta ya baba yake juu ya godoro, nikaiweka sakafuni ili nipate pa kukaa. Mzee hakunena neno. Aliinuka, akaiokota, akaifuta kwa kiganja, akaiweka juu ya kabati. Rafiki yangu alinieleza baadaye kwamba kalpak haikanyagwi, haitupwi, haiwekwi chini, kwa kuwa ni heshima ya kichwa cha mwanamume. Niliomba radhi kesho yake. Mzee akacheka, akanimiminia chai.

Sasa serikali. Mkuu wa dola na wa utendaji ni Rais, anayechaguliwa kwa miaka mitano na anaweza kurudi mara moja tu. Haikuwa hivyo siku zote. Katiba ya 2010 ililipa Bunge nguvu nyingi. Katiba ya 2021, iliyopitishwa kwa kura ya maoni mwezi Aprili mwaka huo, ilizirudisha kwa Rais. Ndiyo maana vitabu vya zamani vinamtaja waziri mkuu, wakati sasa kuna Mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri, ambaye pia anaongoza ofisi ya Rais. Bunge linaitwa Jogorku Kenesh, yaani Baraza Kuu, lenye viti 90. Katika uchaguzi wa Novemba 2025 nchi iligawanywa majimbo 30, kila moja viti vitatu, kwa sharti kwamba jinsia moja isichukue zaidi ya viwili. Sisi tuliozoea viti maalum tunaona njia nyingine hapo: mwanamke anaomba kura jimboni mwenyewe, na sheria inamlindia nafasi. Naliona ni jambo la kujifunza. Tena nchi hii ilishaongozwa na mwanamke, Roza Otunbayeva, kuanzia 2010 hadi 2011, na kwenye noti ya som 50 yumo Kurmanjan Datka, aliyewaongoza watu wa Alai katika karne ya 19.

Chini ya serikali kuu kuna mikoa saba, pamoja na miji ya Bishkek na Osh inayojitegemea kama mikoa. Wilaya huongozwa na akim, na vijijini kuna ayil okmotu, ambayo kazi zake zinakaribia zile za serikali zetu za vijiji. Huduma nyingi zimehamia kwenye simu, na programu ya serikali wameipa jina la Tunduk. Lile paa tena.

Jengo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa Ikulu linaitwa Ak Üy, Nyumba Nyeupe, jirani na uwanja wa Ala-Too. Marais watatu wameondoka madarakani kwa sababu ya umati uliofika hapo: Askar Akayev Machi 2005, Kurmanbek Bakiyev Aprili 2010 na Sooronbay Jeenbekov Oktoba 2020. Mwaka 2010 watu wengi walipigwa risasi wakafa. Kando ya jengo kuna mnara wao: watu wanasukuma jiwe jeusi litengane na jeupe. Ukipita hapo, pita kwa adabu, na usipige picha walinzi wala mageti. Ukiona watu wanakusanyika na sauti zinapanda, geuka urudi nyumbani, hata kama una shauku ya kujua. Mei 2024 kundi la wenyeji wenye hasira lilivamia mabweni ya wanafunzi wa kigeni hapo Bishkek, na wanafunzi wakashauriwa kubaki ndani hadi mambo yapoe.

Ofisi hufungwa sikukuu, kwa hiyo usipange kufuatilia hati karibu na Nooruz (21 Machi), Aprili 7, Mei 5 ambayo ni siku ya Katiba, au Agosti 31. Idi zote mbili pia ni mapumziko, na huitwa Orozo Ait na Kurman Ait. Mwislamu kutoka Mombasa au Zanzibar atasalimia kwa "Assalamu alaykum" na kuitikiwa. Kwa wengine, "Salamatsyzby" inatosha, na ukimwita aliyekuzidi umri baike kama ni mwanamume au eje kama ni mwanamke, umetoa shikamoo yao.

Usitegemee kukuta ubalozi wa Kenya, Tanzania wala Uganda Bishkek. Kabla ya kusafiri, ulizeni wizara ya mambo ya nje ya kwenu ni ubalozi gani unaohudumia Kirgizia, na namba yake muiandike mahali pengine mbali na simu. Polisi ni 102, gari la wagonjwa 103, zimamoto 101.