Kijana yuko probesheni na bado anatumia madawa: namna ya kumshika mkono

Hii nawaandikia nyinyi mnaokaa na hawa vijana huku kwetu Uganda, awe mtoto wako wa kuzaa, awe wa dada yako, ama wewe ni yule mtu wa kijiji ambaye afisa wa probesheni, yule anayesimamia vijana koti imewarudisha nyumbani kwa masharti, alikupigia simu akasema tafadhali niangalizie huyu, wilaya yote hii niko peke yangu. Koti imemaliza kazi yake, kijana amerudi nyumbani na masharti yake, na bado ikifika jioni anapotelea nyuma ya steji ya boda, akirudi macho mekundu na hataki kuongea na mtu. Sasa unaanzia wapi?

Anzia kwenye karatasi ya koti. Sheria yetu ya Watoto, ile ya 1997 iliyorekebishwa 2016, inasema mtoto chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa jinai, na wa 12 mpaka chini ya 18 kesi yake kwa kawaida ni ya koti ya familia na watoto. Makosa madogo kama wizi ama kupigana hata koti ya LC, yaani ya baraza la kijiji, inaweza kuyamaliza, na inaweza kumweka kijana chini ya mtu wa kumwongoza kwa muda usiopita miezi 6. Kwa hivyo uliza, huyu wetu yuko chini ya amri gani, ya koti gani, inaisha lini, na masharti yameandikwaje. Watu wengi wanamtisha mtoto na vitu ambavyo haviko kwenye karatasi, eti ukichelewa kurudi saa moja tu tunakupeleka Kampiringisa, kule wanakofungiwa watoto waliokosa, alafu kijana akishajua ni uongo hata yale ya kweli hasikii tena. Masharti yakiwa mengi sana, mwombe afisa mkae chini muone yapi kijana anayaweza kweli wiki hii, maana sharti asiloliweza linamfundisha kudanganya tu.

Alafu acha kusema "madawa madawa" kama ni kitu kimoja. Uliza ni nini hasa, kila siku ama wikendi, na nani. Njaga (bangi), mairungi (miraa), kuber (tumbaku ya kuweka mdomoni), waragi (pombe kali), petroli, gundi na mafuta ya ndege ya kunusa, na mjini sasa kuna unga (heroini) na aisi (methi), kila moja ina tabia zake, na ukikosea hapa unaweza kumuumiza mtoto ukidhani unamsaidia.

Waragi ndiyo watu wanaichukulia mchezo kwa sababu inauzwa kila duka. Kijana anayekunywa kila siku mpaka asubuhi mikono inatetemeka, usimfungie ndani eti aache leo leo. Siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuona vitu ambavyo havipo, na hiyo inaua watu kabisa. Huyo mpeleke hospitali, aache akiwa mbele ya daktari.

Petroli na gundi kosa kubwa ni kumfukuza. Ukimkuta na chupa puani usipige kelele, usimkimbize, kwa sababu hizo mvuke zinafanya moyo kuwa mwepesi kushtuka na mtoto anaweza kuanguka akafa pale pale anakimbia. Ongea pole pole, mpeleke penye hewa safi, mkalishe, chukua ile chupa bila vita, maswali baadaye.

Njaga kuiacha haiui, lakini wiki ya kwanza kwa aliyekuwa anavuta kila siku ni ngumu, hasira, usingizi hakuna, chakula hataki, na wazazi wanasema "afadhali alipokuwa anavuta". Inachukua kama wiki mbili hivi ndio inaisha, wengine zaidi. Waambie nyumbani mapema wajue ni mwili unajirudisha, wasidhani ni kiburi. Na kama kuna kipimo cha mkojo, mjue kwa mvutaji wa kila siku njaga inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hivyo kipimo kikionyesha ipo msimrukie eti umevuta jana. Lakini kama anasikia sauti, ama anaamini jirani wanataka kumuua, hapo usingoje ipite, twende hospitali.

Unga una hatari yake, kwamba kijana akikaa mbali nao muda kidogo, labda alikuwa rumande, mwili unasahau, akirudia kiasi kile kile cha zamani ndio anakufa. Mwambie wazi hata kama unaogopa kwamba unampa ruhusa. Mairungi ukiacha ni uchovu na roho nzito siku kadhaa, muache alale lakini usimuache peke yake. Kuber ilikatazwa na sheria ya tumbaku ya 2015 lakini bado inauzwa kichini chini, na ni nikotini, usiseme si kitu.

Sasa namna ya kuuliza. Kuna mmoja wa miaka 16, alikuwa anabeba mizigo pale mpakani Busia, alishikwa na wizi. Ofisini alikuwa anajibu "ndiyo anti, hapana anti" basi. Siku moja tukakaa kwenye benchi ya muuza rolex, ile chapati ya mayai, nikamwambia sitaki kukuuliza unavuta mara ngapi, niambie tu, ile kitu inakusaidia na nini? Akaendelea kukata ile chapati vipande vidogo vidogo bila kula, muda mrefu, alafu akasema "usiku, anti. Usiku ndio mbaya." Alikuwa analala kwenye veranda ya duka tangu baba yake amekufa, na bila kuvuta hakuna usingizi, na ukilala kwa hofu hivyo asubuhi huwezi kubeba gunia. Kwa hivyo kwake kazi ya kwanza ilikuwa ni mahali pa kulala penye mlango unaofungwa. Kama tungeanza na mafundisho ya ubaya wa njaga angekuwa anatuitikia tu mpaka leo. Uliza hilo swali kila mara, alafu nyamaza, na usijaze kimya na mawaidha.

Kitu ambacho ningetaka kila mtu ashike ni mpango wa kuteleza, na unafanywa kabla hajateleza. Wengi watarudia angalau mara moja, hiyo ndio hali ya huu ugonjwa, na kijana akijua kila akiteleza ni fimbo ama koti, atajificha, na akijificha anarudi kwa wale wale. Kaeni watatu, kijana, mzazi na afisa, mkubaliane kwamba akiteleza na akaja kusema mwenyewe ndani ya siku moja hapigwi wala hatukanwi, tunakaa tuone ilikuwa saa ngapi, nani alikuwepo, nini kilitangulia, na kesho tunabadilisha nini. Muulize afisa mbele ya kijana, ni mambo gani ni lazima upeleke koti na yapi tunaweza kumaliza hapa, ili kijana asikie mwenyewe. Na wewe usiahidi siri ambayo huwezi kuitunza, ukivunja mara moja tu umemaliza kila kitu.

Mpe pia kitu akifanya vizuri, kitu kidogo na kwa haraka. Wiki amehudhuria vizuri, pesa ya kwenda kibandani kuangalia mpira, ama eatimu kidogo ya simu. Watu wanasema unamnunua mtoto. Hapana, hii njia imejaribiwa na inasaidia watu kuacha, ilimradi utoe siku ile ile uliyoahidi.

Saa mbaya ni jioni, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku, basi panga kazi ama mazoezi hapo hapo, asubuhi si shida sana. Ukimpeleka gereji kujifunza ufundi, ongea na fundi kwanza, maana malipo ya kila siku mkononi ni majaribu makubwa, kijana mwenyewe akikubali fundi anaweza kumuwekea mpaka mwisho wa wiki. Na tafadhali msikusanye vijana wote wa probesheni chini ya mwembe mmoja kila Jumamosi eti semina. Nia ni nzuri lakini wakishatoka pale wanabadilishana namba za wauzaji. Mmoja mmoja, ama mchanganye na vijana wa kawaida wa timu ya mpira au kwaya.

Ikizidi nguvu zenu, hospitali ya akili ya Butabika pale Kampala kuna kitengo cha pombe na madawa, na hospitali kubwa za mikoa kama Mbale, Gulu, Arua, Mbarara na Masaka zina sehemu ya afya ya akili, huna haja ya kuanzia Kampala. Mtoto akiwa anateswa ama kutumiwa kuuza, piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure. Maombi ni mazuri na mimi pia naomba, lakini mahali wanafunga watoto minyororo ama kuwanyima chakula ili pepo litoke, mtoe huko siku hiyo hiyo.

Afisa akiomba habari za ripoti yake, mpe vitu ulivyoona kwa macho, amekuja mara ngapi, analala wapi, amerudi shule ama bado, siku gani alisema ukweli mwenyewe bila kuulizwa. Neno "amebadilika" halimsaidii hakimu. Na mwezi mmoja kabla amri haijaisha kaeni tena wale watatu, mumuulize kijana anataka aendelee kuonana na nani, awe fundi, kocha, shangazi, yeyote, na huyo mtu aitwe hapo akubali kwa mdomo wake, alafu mpange kabisa siku na saa watakayoonana wiki ya kwanza baada ya amri kuisha.