Mapambo na vitamu vya Krismasi kwa mikono ya watoto, bila oveni, sigiri na jua tu

Habari zenu wazazi, shule zimefunga na nyumba imejaa watoto kutwa nzima, kila dakika mama tufanye nini, so nimeona nilete hili somo mapema kabla sokoni hakujachangamka. Mimi niko hapa Jinja, Uganda, nina wanne, mkubwa ana tisa na mdogo miaka miwili na nusu, na haya yote tuliyafanya Desemba iliyopita pale kibarazani. Kitu kimoja nawaomba kabla hatujaanza: usiirekebishe kazi ya mtoto. Nyota ikitoka na miguu mitatu, iache na mitatu. Mwaka juzi nilikuwa nanyoosha kila kitu wakishalala, binti yangu akaamka asubuhi, akaangalia, akasema hii si yangu, na hakugusa tena unga mpaka Krismasi ikapita. Iliniuma sana.

Tuanze na mapambo ya unga wa chumvi. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji kuanzia robo tatu ya kikombe mpaka kimoja. Kikombe chochote, bora upimie hicho hicho vitu vyote. Changanya unga na chumvi vikiwa vikavu, alafu maji kidogo kidogo, mtoto akande yeye, wewe kazi yako kushikilia beseni. Unataka donge kama la chapati ila gumu zaidi kidogo, likinata vidoleni ongeza unga, likimeguka ongeza kijiko cha maji. Sukuma unene wa nusu sentimita hivi, wakate kwa glasi au vizibo vya chupa, au wafinyange tu wanavyotaka. Tundu la uzi toboa kwa mrija SAA HIYO HIYO, hapa ndo wengi tunasahau, likishakauka ukijaribu kutoboa linapasuka mikononi na mtoto analia.

Kukausha kunataka subira. Siku ya kwanza kivulini penye upepo, kuanzia ya pili ndo juani, geuza asubuhi na jioni, na usiku ziingie ndani maana umande unazilainisha tena. Zetu zilichukua siku nne, kwa hiyo anza tarehe 15, usingoje 23. Ukizigonga zikalia kama kigae, zimekauka, wape rangi za maji na brashi na uondoke. Na jamani hii si chakula, chumvi yake ni nyingi mno, hata mbwa asiifikie, inaweza kumuua.

Kamba ya kutundikia msinunue. Chukueni byayi, yale maganda makavu ya mgomba, loweka kidogo yalainike, chana vipande vyembamba alafu suka tatu tatu kama nywele. Kufunga nyota kwenye tawi la saiprasi inatosha kabisa.

Sasa kabalagala, vile vikeki vya ndizi vya kukaanga, na hapa ndo roho yangu ilipo, kwa sababu mtoto anafanya karibu kila kitu mwenyewe. Tafuta ndizi ndogo tamu, zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi, zile ambazo muuza anataka kukupunguzia bei. Menya, tia kwenye beseni safi, watoto wanawe mikono mpaka viwikoni, waponde. Ziwe laini kabisa, bila vidonge. Usitie maji, usitie sukari, utamu upo tayari. Nyunyiza unga wa muhogo huku mnakanda, mi sipimi, naangalia mkono: donge likiacha kunata kwenye beseni simama hapo hapo, ukizidisha unga zitakuwa ngumu kama soli ya kiatu. Sukuma, kata nyota, mwezi, kengele, chochote. Kukaanga ni kwako peke yako. Sigiri weka mbali na pale watoto walipokaa, mafuta yawe ya moto wa wastani maana ndizi inaungua nje haraka na ndani bado mbichi. Geuza zikiwa hudhurungi, toa, chuja. Mi huwa nawachorea mstari wa chaki sakafuni kuzunguka sigiri, na hakuna anayeuvuka, hata mkubwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tororo): Mapambo yangu yote yamepasuka katikati, nimekosea wapi dada?
Jibu: Pole dada. Bila shaka uliyaweka jua kali mara moja, nje ikakauka kabla ya ndani. Au ni manene sana. Yaliyopasuka usitupe, ziba kwa unga ule ule uliolowa, alafu kivulini tena.

Swali (Busia): Wangu ana mwaka na nusu, kila kitu mdomoni. Afanye nini wenzake wakikanda?
Jibu: Huyo usimpe unga wa chumvi kabisa. Mpe ndizi moja kwenye bakuli lake aponde, akila sawa. Na kama mnatengeneza vitamu vya karanga, karanga nzima usimpe mtoto chini ya miaka mitano, zinaweza kumkaba.

Swali (Mbale): Nina bogoya tu, zile ndizi kubwa za kuiva, zinafaa kwa kabalagala?
Jibu: Bogoya ina maji, itakunywa unga mwingi na utamu unapotea. Ngoja upate ndogo.

Swali (Kampala): Tuna vipande vya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, vimebaki, nataka watoto wakate nyota lakini mama mkwe anasema ni nguo ya mazishi. Nifanyeje?
Jibu: Mama mkwe hajakosea, Buganda wanazika na lubugo. Ila wafalme pia wanavikwa lubugo siku ya kutawazwa, inatoka kwenye gamba la mti wa mutuba, na UNESCO waliitangaza kuwa urithi wa dunia nzima mwaka 2005. Lakini usishindane naye kwa hayo. Mwombe awakalishe watoto awasimulie yeye mwenyewe, alafu akikubali ndo mkate. Akikataa tumieni byayi, rangi yake haiko mbali.

Swali (Bombo): Sisi ni Waislamu ila watoto wetu wanashinda kwa jirani wakitengeneza hayo mambo, hainisumbui, nauliza tu kama kuna kitu wanaweza kutengeneza wakaleta nyumbani.
Jibu: Vipo sana dada yangu. Jirani zangu ni Wanubi, Waislamu kama nyinyi, wanangu na wao walikaa beseni moja. Wao walikata miezi na kuipaka kijani, mama yao akaitunza kwenye kopo lenye mchele mkavu ili unyevu usiingie, na Idi ilipofika akaitundika mlangoni.