Somo: Kupima msukosuko wa hewa nyuma ya bawa ili kukadiria kelele yake, kwa hewa ya Mwanza

Naandika somo hili kwa sababu nimechoka kujibu swali lile lile: kwa nini makadirio ya kelele ya panga la feni hayalingani na maikrofoni. Mara nyingi fomula haina tatizo. Kasi ya hewa ndiyo imekokotolewa kwa namba za pwani.

Hatua ya 1. Funga bawa (yaani panga la feni unalolipima) ndani ya handaki la upepo, bomba ambamo feni huvuta hewa ipite kwenye bawa, na uhakikishe halitikisiki.

Hatua ya 2. Linganisha waya moto na bomba la Pitot. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Waya wa tungsteni wenye kipenyo cha mikromita 5 hupashwa moto kwa umeme. Hewa inapoupoza, saketi huongeza volteji ili joto lake lisishuke, na volteji hiyo ndiyo tunayoigeuza kuwa kasi. Kasi ya kulinganishia hutoka kwenye bomba la Pitot, ambalo hupima tofauti ya mgandamizo tu, hivyo huipati kasi bila kujua densiti ya hewa, yaani uzito wake kwa kila mita ya ujazo. Vitabu hutoa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, namba ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari. Mgandamizo halisi ni karibu hektopaskali 885, na kwenye nyuzi 26 densiti ni takriban 1.03. Ukitumia ya kitabuni, kasi itasomeka pungufu kwa asilimia 8 hivi. Nguvu ya kelele ya ukingo wa nyuma hukua kwa kipeo cha 5 cha kasi, kama walivyoonyesha Ffowcs Williams na Hall mwaka 1970, kwa hiyo kosa hilo pekee hushusha makadirio kwa karibu desibeli 2.

Tahadhari: usichukue mgandamizo wa taarifa ya hali ya hewa, kwani huwa umekwisha kugeuzwa kuwa wa usawa wa bahari. Soma barometa iliyo chumbani. Tena, rudia ulinganisho upepo wa ziwani unapoanza kuingia mchana, kwa kuwa joto la chumba likibadilika, volteji nayo hubadilika hata kama kasi ni ile ile.

Hatua ya 3. Pitisha waya kutoka juu hadi chini, nyuma kidogo tu ya ukingo wa nyuma, kwa hatua za nusu milimita pale kasi inapobadilika ghafla.

Hatua ya 4. Chukua sampuli za volteji mara nyingi kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya masafa (mitetemo kwa sekunde, Hz) ya juu kabisa unayoyataka, na kichujio cha kukata masafa yanayozidi hapo kitangulie.

Hatua ya 5. Kokotoa spektra, yaani mchoro wa nguvu ya msukosuko kwa kila masafa. Kilele chembamba kinachopanda masafa kadiri kasi inavyoongezeka kwa kawaida hutokana na ukingo butu. Mwinuko mpana ni wa msukosuko.

MASWALI YA WANACHAMA WA KIKUNDI CHETU

Mwanachama wa Nyegezi: Mwalimu, nitumie densiti ngapi?

Jibu: Hatua ya 2 imeeleza. Soma barometa na kipimajoto chako, kisha ukokotoe.

Mwanachama wa Igoma: Mimi nimetumia 1.225 na matokeo yamelingana na maikrofoni. Somo lina kasoro.

Jibu: Maikrofoni yako inasikia pia feni inayovuta hewa. Toa bawa, pima kelele ya handaki tupu, kisha ulete namba zote mbili.

Mwanachama wa Musoma: Shikamoo Mwalimu. Ikiwa kelele huzaliwa kwenye ukingo wa bawa, kwa nini tupime nyuma yake?

Jibu: Marahaba, na nashukuru kwa swali hili. Msukosuko hujengeka katika tabaka jembamba la hewa linaloambatana na bawa, na sauti hutoka tabaka hilo linapouvuka ukingo wa nyuma. Waya ukikaribia mno uso wa bawa, joto lake huvujia kwenye bawa na kasi husomeka kubwa kuliko ilivyo. Nyuma kidogo tu ya ukingo, hewa bado ina alama za tabaka hilo. Ukienda mbali, hewa ya juu na ya chini huchanganyika na alama hizo hupotea. Kama kuna panga jingine nyuma, mambo hubadilika: msukosuko huo huugonga ukingo wake wa mbele na kuzaa kelele mpya, na hapo nadharia ya Amiet ya mwaka 1975 ndiyo ya kutumia.

Mwanachama wa Bukoba: Kilele changu kiko Hz 50 kwa kila kasi.

Jibu: Huo ni umeme wa ukutani. Jaribu kuendesha saketi kwa betri.

Mwanachama wa Bukoba: Kimeondoka, ahsante. Kwa wanaopima usiku karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wanaofuata taa hunasa kwenye waya. Mimi nimefunga chandarua kwenye mdomo wa handaki.

Jibu: Ni wazo zuri, ila chandarua hupunguza kasi na kubadilisha msukosuko wa hewa inayoingia. Pima upya handaki tupu likiwa nacho kabla ya kurudisha bawa.