Kwenda Hombolo kuona zabibu: mwongozo kwa mtu wa Dar

Kabla ya kuangalia wikiendi ipi una nafasi ya kwenda Hombolo, huko Dodoma, angalia mzabibu uko hatua gani. Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu, hivyo mkulima ndiye anayeuamsha: akishapogoa, huvuna baada ya miezi minne hivi. Ndiyo maana kuna misimu miwili, mmoja Februari hadi Machi, mwingine Agosti hadi Septemba. Ukifika mara tu baada ya kupogoa utakuta visiki na nyaya, basi. Wala mashamba yote hayapogolewi siku moja, kwa hiyo mpigie mwenyeji simu wiki moja kabla umuulize lake likoje.

Kwa mgeni, Agosti ni bora. Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na udongo mweusi ukilowa hunasa hata bodaboda, sembuse gari dogo. Ila beba sweta. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa usiku wa miezi hiyo huwashangaza waliozoea joto la Kariakoo.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, huondokea Stesheni ya Magufuli. Beba kitambulisho na ufike saa nzima kabla. Hombolo iko kama kilomita 40 kaskazini mashariki mwa mji wa Dodoma. Ukipanda daladala, muulize konda gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi, na umuulize kabla hujashuka. Wengi hukwama kwa kudhani magari ya jioni ni mengi kama ya Mbagala.

Ukifika, anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Ndiyo, mtaa: hata kama unachokiona ni mbuzi, mibuyu na nyumba za tembe, Hombolo imo ndani ya Jiji la Dodoma. Ukivuka kwenda vijiji vya wilaya ya Chamwino, hapo ndipo utamtafuta mwenyekiti wa kijiji au kitongoji. Jieleze umetoka wapi, unamtembelea nani na utaondoka lini. Salamu ya Kigogo kwa mtu mmoja ni "Mbukwa", kwa wengi "Mbukwenyi". Wazee wataendelea kukuuliza habari za nyumbani na za mifugo. Usiwakatishe kwa kutoa simu upige picha. Picha huombwa baada ya salamu kwisha.

Shambani uwe umefika saa 1 asubuhi, maana wavunaji huwahi kabla jua halijachoma mashada. Usichume hata punje moja kabla ya kuuliza dawa ilipuliziwa lini. Ule utando mweupe mwembamba juu ya punje ni nta yake ya asili na hauna neno. Vumbi la manjano huenda likawa salfa, dawa ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mizabibu. Ukiona unga wa kijivu na punje zimepasuka, huo ni ugonjwa wenyewe. Shada hilo liache.

Ukinunua, onja kwanza, kwa sababu zabibu haziendelei kuiva zikishakatwa: chachu ya leo ni chachu ya kesho. Za mvinyo huwa na punje ndogo, ganda nene na mbegu, kwa hiyo usizilaumu kwa kutofanana na za supamaketi. Tumia boksi la kina kifupi, tabaka mbili za mashada tu, na usizioshe hadi siku ya kula. Unyevu huleta ukungu. Ukitaka kuona mvinyo unavyotengenezwa, omba nafasi kiwandani siku kadhaa kabla, kwani wakati wa mavuno wafanyakazi hawana muda wa kuzungusha wageni.

Bwawa la Hombolo linapendeza jioni. Litazame ukiwa ukingoni, usiingie kuoga, maana maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho.

Chakula cha mchana kitakuwa ugali wa uwele au mtama kwa mlenda. Tonge lifinyange liwe dogo na ulizungushe kidogo ili kuukata ule uzi, vinginevyo mlenda utakufuata hadi kwenye shati. Wakati wa kurudi, boksi la zabibu kaa nalo karibu. Ukirudi kwa basi usikubali liwekwe kwenye buti, litafika Dar likiwa juisi.