Kufundisha makumi na mamoja kwa vijiti vya chelewa

Kabla ya kuandika tarakimu yoyote ubaoni, tafuta fagio la chelewa lililochakaa. Kata njiti zake ziwe na urefu wa kidole, kila dawati lipate hamsini. Kisha pita kwa fundi baiskeli, umwombe tyubu mbovu, uikate kwa mkasi pete nyembambanyembamba. Zinabana vizuri kuliko uzi, na kidole cha mtoto mdogo kinaziweza.

Nafundisha darasa la kwanza, na katika somo hili nasisitiza jambo moja: fungu la kumi alifunge mtoto mwenyewe. Ukimpa lililokwisha kufungwa, kwake ni kitu kimoja kinene tu. Ahesabu vijiti tisa, aongeze kimoja, afunge. Muulize, "Humu mna vingapi?" Wengi watafungua wahesabu upya. Waache wafungue hata mara tatu. Atakapofika kwenye kutoa kwa kukopa, mtoto huyu anajua tayari kwamba fungu likifunguliwa ni mamoja kumi.

Sasa piga mstari wa chaki katikati ya dawati. Mafungu yakae kushoto, vijiti visivyofungwa kulia, na kulia visizidi tisa. Kikifika cha kumi, wanafunga na kuhamishia kushoto. Wasome wanachokiona: "Makumi matatu, mamoja manne." Ndipo useme thelathini na nne, ndipo uandike 34.

Halafu kuna yule anayeandika kumi na tano hivi: 105. Hajazembea, ameandika kumi aliyoisikia, akaongeza tano. Kumwekea alama nyekundu ya kosa hakumsaidii. Kata maboksi upate kadi za 1 hadi 9, na nyingine za 10, 20 hadi 90 zenye upana mara mbili. Aweke kadi ya 10, juu yake upande wa kulia aweke 5. Tano inaifunika sifuri, inabaki 15. Akiinua tano, sifuri ile hapo chini. Mwache ainue na kufunika mpaka aridhike, kisha afanye 47 na 60.

Sarafu zisubiri. Ya shilingi mia huwezi kuifungua ukamwonyesha makumi yaliyomo. Kwa mia, unganisha madawati mawili, mafungu kumi yafungwe pamoja kwa kipande kipana cha tyubu, na kila mtoto alibebe.

Kupima kama wameelewa, unganisha madawati matatu ili vijiti vitoshe, utaje 47 na 74. Wajenge zote mbili kwa vijiti, wakwambie ipi kubwa na kwa nini, maana tarakimu ni zilezile. Anayekuonyesha mafungu saba, mpe daftari aandike. Anayesema "kwa sababu saba imetangulia" bila kugusa fungu, bado mbakize kwenye chelewa wiki nyingine.