Kumwona Mshauri Nasaha kwa Mara ya Kwanza

Mkazi wa Mwanza anayesumbuliwa na hofu au huzuni isiyokwisha anaweza kuanzia kitengo cha afya ya akili katika Hospitali ya Bugando, au kumwomba daktari wa kituo cha karibu ampe rufaa. Ulizia gharama na bima mapema.

Kikao cha kwanza, ambacho kwa kawaida huchukua dakika 45 hadi 60, huwa cha kufahamiana zaidi kuliko cha tiba: mshauri atauliza kilichokuleta, usingizi wako, hamu ya kula, pombe, familia na kazi, na huenda akauliza waziwazi kama umewahi kufikiria kujiua. Usilichukulie swali hilo kama tuhuma, kwa kuwa huulizwa ili ulindwe.

Wengi huogopa kwamba siri zao zitafika Kirumba au Igoma kabla wao hawajafika nyumbani, na hofu hiyo ina uzito wake. Mshauri anawajibika kutunza siri, isipokuwa pale maisha yako au ya mwingine yanapokuwa hatarini. Mwombe akueleze mipaka hiyo kabla hujaanza kusimulia.

Usitarajie akuamulie kama uachane na mwenzi wako, kama ambavyo shangazi angefanya. Unaweza pia kutoka na moyo mzito kuliko ulivyoingia, hasa ukizungumzia ndugu aliyezama ziwani, na hilo ni la kawaida. Ikiwa baada ya vikao kadhaa bado humwamini, mwambie, au omba mshauri mwingine. Ni haki yako.