Jinsi ya Kuendesha Ambulensi Wakati wa Dharura: Sheria, Spidi na Makutano

Nimeendesha ambulensi kwa miaka mingi, na kila nikipewa dereva mpya wa kumfundisha, namwambia hili kabla hajagusa usukani: king'ora kinaomba njia, hakikupi njia. Anayekupa ni yule dereva mwingine, na mpaka umwone amekupisha, njia bado ni yake. Yote yanayofuata hapa chini yametoka kwenye hilo.

Hatua ya 1: Jua sheria inakupa nini na inakunyima nini

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ibara ya 34, unawataka watumiaji wote wa barabara walipishe gari la dharura lililowasha vimulimuli na king'ora, na ikibidi wasimame kabisa. Ibara hiyohiyo inaziruhusu nchi kumwondolea dereva wa gari hilo kanuni nyingi za barabarani, ila kwa masharti mawili: awe ametoa ishara hizo, na asiwahatarishe wengine. Kuna kitu kimoja hakiondolewi, nacho ni amri ya askari anayeongoza magari. Akikunyooshea mkono usimame, simama, hata kama mgonjwa hali yake ni mbaya. Huenda yeye anaona upande ambao wewe huuoni.

Sheria za nchi nyingi zinafuata mkondo huo. Uingereza, kwa mfano, sheria yao ya 1984 inamruhusu dereva wa ambulensi kuvuka kiwango cha mwendo pale ambapo kukifuata kungemkwamisha kazini, lakini kosa la kuendesha kwa hatari linabaki palepale. Soma sheria ya nchi yako, kisha soma utaratibu wa mwajiri wako. Mara nyingi utaratibu wa kazini ni mkali kuliko sheria. Kinachobana zaidi ndicho ukifuate.

Hatua ya 2: Amua kabla gari halijaondoka

Uliza: wito huu ni wa dharura ya kiwango gani? Si kila simu inastahili king'ora. Hakikisha kila mtu amefunga mkanda, machela imebanwa, na mitungi ya oksijeni imefungwa mahali pake. Panga njia ukiwa umesimama. Ramani na redio mwachie mwenzako wa kiti cha mbele.

Kama ndugu wa mgonjwa wanafuata kwa gari lao, zungumza nao kabla ya kuondoka. Waambie waende kwa mwendo wa kawaida na wasijishike nyuma yako. Ruhusa uliyopewa wewe, wao hawana, na dereva anayekupisha hatarajii gari dogo lenye haraka nyuma ya ambulensi.

Hatua ya 3: Washa vyote, kisha usiviamini

Nchi nyingi zinataka vimulimuli na king'ora viwashwe pamoja ndipo upate haki ya kupishwa. Washa na taa kubwa za mbele, hata mchana. Badilisha mlio unapokaribia makutano, kwa sababu sikio likizoea mlio mmoja linaacha kuusikia. Kumbuka pia kwamba mtu aliyefunga vioo na kuwasha muziki anaweza kukusikia ukiwa umeshamfikia, na katikati ya majengo marefu sauti hudunda ukutani, asijue unatoka upande gani.

Mkiwa ambulensi mbili, wa nyuma ajihadhari zaidi. Watu wakishampisha wa kwanza wanadhani yameisha, wanarudi barabarani. Acheni nafasi kubwa kati yenu, na milio itofautiane.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya spidi

Hapa ndipo vijana wengi hudanganyika. Chukua safari ya kilomita 6. Kwa kilomita 60 kwa saa ni dakika 6. Kwa 80 ni dakika 4 na nusu. Umeokoa sekunde 90, tena kama hukukanyaga breki hata mara moja, jambo ambalo mjini halipo.

Sasa tazama umelipa nini. Kwa 60, gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, zimeshapita mita 25. Barabara ikiwa kavu na breki nzuri, ongeza mita kama 20 ndipo lisimame. Kwa 80, mita za kushtuka ni 33 na za breki ni kama 35. Jumla imetoka 45 hadi 68. Mvua ikinyesha, au gari likiwa zito kama ambulensi nyingi zilivyo, umbali unazidi hapo.

Kinachookoa muda mjini ni kutokaa kwenye foleni na kutosubiri taa. Kwa hiyo ongeza mwendo pale tu unapoona barabara yote iliyo mbele yako, na uwe mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Penye shule, soko, au alama za pundamilia, rudi kwenye kiwango cha kibao au chini yake.

Hatua ya 5: Makutano

Kama utakumbuka hatua moja tu, iwe hii. Kwenye taa nyekundu au alama ya kusimama, simama kabisa, magurudumu yatulie. Tazama leni ya kwanza, mtazame dereva usoni, hakikisha amesimama, sogea. Kisha leni ya pili, ukianza upya. Kisha ya tatu. Usivuke makutano yote kwa idhini ya gari moja.

Najua ninachosema. Mwaka wangu wa kwanza lori lilinipisha vizuri sana, nami nikashukuru kwa mkono na kukanyaga mafuta. Nyuma ya lile lori, kwenye leni ya pili, ilikuwa inakuja pikipiki ambayo haikuniona wala mimi sikuiona. Nilisimama ikiwa imebaki hatua moja. Mwendesha pikipiki aliondoka salama. Mimi mikono ilitetemeka mpaka jioni.

Hata taa ikiwa ya kijani kwako, punguza. Kusimama sehemu tano kwa sekunde nne ni sekunde 20 tu.

Hatua ya 6: Upande wa wengine

Kuingia leni ya magari yanayokuja ni jambo la mwisho, kwa mwendo wa pole, na kamwe si kwenye kona au kilele cha mlima. Basi la shule likisimama, nawe simama. Reli haina mjadala: treni nzito inaweza kuhitaji kilomita nzima kusimama, na king'ora chako hakiifungi breki.

Hatua ya 7: Mgonjwa akiwa ndani

Muulize mhudumu aliye nyuma kama king'ora bado kinahitajika. Mara nyingi hali imeshatulizwa na jibu ni hapana. Anayekandamiza kifua cha mgonjwa hawezi kufanya kazi hiyo gari likiyumba, na huenda amesimama bila mkanda. Mwite mapema: "Kona kulia!", "Breki!" Kanyaga polepole, achia polepole.

Hatua ya 8: Kufika na kurudi

Zima king'ora unapokaribia, acha vimulimuli, na uegeshe mahali ambapo utaondoka bila kurudi nyuma. Andika saa uliyoondoka na uliyofika. Ukishamkabidhi mgonjwa, zima vyote. Safari ya kurudi kituoni una kibao, taa na foleni kama dereva mwingine yeyote.